Kuvreli ya Clémence na watu wa mavuno

Niwategee kimoja kabla hatujaanza. Kuna soko lisilo na matope wala kivuli. Milango yake ni mingi kuliko nyumba zote za Bagira, watu wanaingia bila kubisha na wanatoka bila kuaga, na mwenye soko hajaonekana na mtu hata siku moja. Ni nini? Mukishindwa munipe mji, na mimi nitachagua Bukavu yenyewe, pamoja na vilima vyake na mabomba yake yasiyo na maji.

Jibu ni Panda Bei. Ni mnada wa mu simu. Unaweka picha ya kitu chako na bei ya kuanzia, watu wanaongeza mmoja juu ya mwingine, na saa ikifika, aliye juu kabisa ndiye anachukua. Hakuna anayejua ofisi yake iko wapi. Wengine wanasema Kinshasa, wengine wanasema ng'ambo, na kuna mtu mu Bagira anayeapa kwamba ofisi haiko, ni mashine tu inayojiendesha.

Clémence wa Kasha aliingia humo kwa sababu soko la miguu lilikuwa limemshinda. Yeye anafuma kwa kroshe: vitambaa vya meza, vya mgongo wa viti vya saluni, chumba cha kupokelea wageni, vya juu ya televisheni. Masista walimfundisha kazi hiyo akiwa binti, na mkono wake ni mzuri, hata wanaomchukia wanakubali. Lakini tangu benki zifunge, watu waliokuwa wananunua vya kupamba nyumba walianza kupita mbele ya meza yake sokoni wakiangalia upande wa vitunguu. Ukimsalimia mtu wa namna hiyo anaitikia, lakini hasimami.

Kaka yake mkubwa, Jean-Claude, analima mpunga Kamanyola. Alimtumia neno kwamba chumba kiko, kazi iko, aache kuteseka mu mji peke yake. Hakusema kwa ubaya. Clémence hakuwa anaogopa shamba, alilima utoto wake wote. Aliogopa mikono. Mkono ukishika jembe msimu mmoja, ngozi inakuwa kama gamba, na uzi laini unaanza kukwama juu yake kila unapopita. Alijua kwamba akishuka Kamanyola, kroshe haitarudi tena. Walipatana hivi na kaka yake: Jean-Claude akianza kutayarisha vitalu vya mbegu, kama ufumaji haujaanza kumlisha Clémence, atafunga mizigo na kwenda.

Basi akaingia Panda Bei.

Mwanzoni mashine ilimtesa kwa picha. Inataka kila kitu kipigwe picha mbele ya kitu cheupe, na vitambaa vya Clémence vilikuwa vyeupe. Alitundika shuka nyeupe ukutani, akabandika kitambaa cheupe juu yake, na mashine ikajibu kwamba mu picha hamna kitu. Akajaribu mbele ya mlango wa buluu, mashine ikakataa buluu. Mwishowe alinunua uzi wa rangi ya maharagwe mekundu, na tangu hapo akafuma vyekundu ili mashine iweze kumwona.

Halafu zikaja nyota. Anayenunua anakupa nyota, na ukiwa na chache, kitu chako kinapelekwa nyuma kabisa ambako hakuna anayefika. Bwana mmoja wa Uvira alinunua kitambaa cha meza, akakipokea, akampa nyota moja tu. Aliandika kwamba kitambaa ni kizuri sana lakini meza yake ni ndefu. Clémence akajibu kwamba vipimo vilikuwa chini ya picha. Mashine ikamshukuru kwa maoni yake.

Kulikuwa pia na kijana asiyejulikana, mwenye kuongeza bei kwa kila kitu cha kila mtu. Akishinda hapatikani tena. Wauzaji wenzake walimwambia Clémence kwamba kijana huyo hataki vitu, anapenda tu ile kengele na maua yanayoruka mu simu mtu akishinda. Na kila alipofanya hivyo, muuzaji alipaswa kungoja, kisha kulipa tena ili kitu kirudishwe mnadani. Clémence alilipia maua ya yule kijana mara kadhaa.

Akaamua kuweka nguvu zake zote mu kitu kimoja. Alifuma kuvreli, ile ya kufunika kitanda chote mpaka chini, yenye pindo la majani ya muhogo kuzunguka pande zote na jani kubwa katikati. Alianza mvua zikianza, akamaliza wakati vumbi limerudi. Wanawake waliokuja kuiangalia walinawa mikono kwanza.

Alipoiweka Panda Bei, kwa bei ndogo ya kuanzia kama mashine inavyoshauri, siku ya pili aliona swali. Mwanamke aliyejiita Agnès, wa Minova, aliuliza kama rangi inatoka mu maji. Aliuliza tena kama fundi anaweza kufuma zingine kama hiyo, kwa sababu yeye ana nyumba ya wageni kando ya ziwa na vitanda vyake viko uchi.

Clémence alisoma swali hilo mpaka akalijua kwa moyo. Alijibu kwamba rangi haitoki, na kwamba zingine ataweza. Akaandika namba yake ya simu ili waongee vizuri. Mashine ikaificha namba yote kwa alama za nyota, kwa sababu Panda Bei haitaki muuzaji na mnunuzi wajuane nje ya macho yake. Kwa hiyo njia ilikuwa moja tu: Agnès ashinde mnada. Akishinda, anatumiwa kuvreli, anaishika, na vitanda vyake vingine vinafuata. Kamanyola ingengoja.

Mu Kasha, kama kwingine Bukavu, Wakatoliki wa mtaa mmoja wanakutana kila juma mu nyumba ya mmoja wao kwa zamu, wanasali, wanasoma neno, wanauliza nani ni mgonjwa. Tunaita shirika. Juma lile Clémence aliomba wamsaidie kwa sala, kitu chake kipate mtu mu mnada Dimanche, yaani Jumapili, mchana. Hakusema zaidi. Hakutaka kutaja Minova, mtu asije akaona anajisifu kabla ya wakati.

Mkubwa wa shirika ni Papa Cyprien, seremala, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuita mtu toka kilima cha pili. Neno mnada lilimwingia kama ngoma.

Inafaa hapa nieleze mavuno, maana asiyejua mavuno ya kwetu hatajua kilichofuata. Mara moja mu mwaka waamini wanaleta kanisani walichovuna: ndizi, mihogo, kuku, mananasi. Baada ya misa vinauzwa uwanjani kwa mnada, na mwenye kuita bei ni Papa Cyprien. Nanasi linaanza kwa bei ya nanasi. Baada ya muda kidogo limefika bei ya mbuzi, watu wanacheka, wanawake wanapiga vigelegele. Anayeshinda hatoi bei aliyoitaja, na hakuna anayemdai. Anatoa alicho nacho, waliopanda pamoja naye nao wanatia kidogo, na nanasi linarudishwa liuzwe tena, au linapewa mama mzee aliyekaa mbele. Kupandisha bei ni kumheshimu aliyeleta. Kuacha kitu cha mtu kiende kwa bei yake ya kawaida ni kumtia haya mbele ya watu wote.

Papa Cyprien aliwakusanya watu wa shirika kwa siri. Aliwaambia kwamba mwenzao amepeleka kazi ya mikono yake mu mnada wa dunia, na wao hawatakaa kimya. Wengi hawakuwa na simu ya kuingia Panda Bei. Yeye alikuwa nayo. Kila mmoja alileta kadi ya namba yake, wakazipokezana mu simu ile moja, wakaandikishwa mmoja baada ya mwingine. Hata Maman Colombe, ambaye sikio lake la kushoto halisikii tena na la kulia linachagua, alileta kadi yake imefungwa mu kitambaa. Walikatazana kumwambia Clémence. Furaha ya mavuno ni kushtukiza.

Dimanche mchana Clémence alipanda kilima nyuma ya nyumba, mpaka kwenye ukuta wa jirani ambako mtandao unapatikana, akakaa na simu mapajani. Agnès wa Minova alikuwa peke yake tangu asubuhi, kwa bei ya kuku wawili. Panda Bei haionyeshi majina ya wanaoshindana, inaonyesha mji tu. Saa ya mwisho ilipoanza, Bukavu akaongeza. Minova akapanda. Bukavu mwingine akaongeza, halafu Bukavu wa tatu.

Nani anapanda mlima bila miguu, na akifika juu hana njia ya kurudi? Ni bei ya mnada. Ilipita bei ya mbuzi. Minova bado alikuwa humo, anaongeza kidogo kidogo, kama mtu anayejua kilichomo mu mfuko wake. Clémence alifikiri kwamba watu wa mji wamemkumbuka. Alifikiri labda ni wale wa maduka makubwa, au harusi. Bei ilifika mbuzi wawili, na hapo Minova akasimama. Hakurudi tena. Bukavu waliendelea wenyewe kwa wenyewe, wakafika godoro la sponji, wakafika kitanda na godoro lake, wakakaribia ndama. Kisha kengele ikalia, maua yakaruka, na mnada ukafungwa.

Alishuka pole pole. Kabla hajafika mlangoni alisikia nyimbo. Shirika lilikuwa linapanda njia, Papa Cyprien mbele na jogoo kwapani, wanawake nyuma na vitenge vya sikukuu, na Maman Colombe mwisho kabisa na fimbo yake. Papa Cyprien alimpa jogoo, akampa na bahasha ya kile walichochanga wote, akamwambia kitu ni chake, akiuze tena.

Clémence alimwangalia, akaangalia wengine nyuma yake.

"Papa Cyprien, ni nyinyi?"

"Njo sisi, Clémence. Shirika nzima. Hatungeacha kintu yako ilale chini."

"Na ule wa Minova?"

"Ule alikuwa na nguvu, minakuambia. Alitutoa jasho. Lakini tulimuweza."

Clémence hakulia wala hakugomba. Aliwaletea viti, walioweza wakakaa, wengine wakakaa kwenye jiwe la kufulia. Akafunga jogoo mguu kwenye mti wa mparachichi. Kisha akawaeleza, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo: kwamba Minova ni mwanamke mwenye nyumba ya wageni, kwamba alitaka kuvreli nyingi, kwamba mu Panda Bei anayetaja bei lazima ailipe yote, na kwamba Jean-Claude anakaribia kuanza vitalu.

Nyimbo zilikuwa zimekwisha zamani. Papa Cyprien aliangalia mikono yake.

"Ule alikuwa mununuzi wa kweli," Clémence akasema.

"Na sisi?"

"Nyinyi muko batu yangu."

Jioni ileile Panda Bei ilimtumia ujumbe. Mashine ilikuwa imeona kwamba wanunuzi wengi wa Bukavu wameingia siku moja, mu simu moja, juu ya kitu kimoja. Ilishuku kwamba muuzaji anajipandishia bei mwenyewe kwa majina ya bandia. Soko lake lilifungwa kwa muda, na Agnès wa Minova alikuwa amepata ujumbe wake pia, kwamba muuzaji anachunguzwa. Clémence aliandika kueleza. Mashine ikamshukuru kwa maoni yake. Akaandika tena. Ikamshukuru tena. Siku iliyofuata ilimjulisha kwamba mtu atampigia simu Jeudi, yaani Alhamisi, saa za mchana, na ajibu kwa kweli.

Jeudi ilikuwa zamu ya Clémence kupokea shirika. Walikuja wote, na mapema kuliko desturi. Walikuwa wameshapatana njiani, na Papa Cyprien alisema kwa niaba ya wote. Wakimuuliza, aseme hawajui. Aseme ni wahuni wa mjini waliomwingilia. Panda Bei iwafungie wao milango, wao hawana haja nayo, na soko lake lifunguliwe. Mama mmoja aliuliza kama huo si uongo. Papa Cyprien alimjibu kwamba wao ndio wanaokanwa, na wao wamekubali, kwa hiyo hakuna aliyekosewa. Wanawake walilifikiria hilo, wakaona linashika.

Simu ikalia katikati ya sala. Clémence aliweka sauti ya nje ili wasikie, akaiweka juu ya meza. Sauti ya binti ilisema inaitwa Emmanuella, ya Panda Bei, ya Kiswahili laini kama cha redio. Haikuwa sauti mbaya. Alieleza kwamba atataja majina, na mama aseme tu kama anamfahamu mtu au hamfahamu.

"Cyprien Mushagalusa. Je, unamfahamu?"

Papa Cyprien, aliyekaa mbele ya simu hiyo hiyo, alitikisa kichwa kwa nguvu.

"Simujui," Clémence akasema.

Papa Cyprien akakunja mikono, ameridhika kama mtu aliyesifiwa. Emmanuella akataja mwingine. Clémence hakumjua. Akataja mwingine, ambaye wakati huo alikuwa ameshika mtoto wa Clémence wa ubatizo mapajani. Hakumjua pia. Majina yalipita, na kila aliyekanwa aliinamisha kichwa kidogo, kama kwenye baraka. Kazi ilikuwa inakwenda.

Maman Colombe alikuwa amekaa karibu na mlango, amesinzia nusu. Walimweleza mpango njiani, kwa upande wa sikio la kushoto. Sasa, mu shirika letu, kila juma baada ya sala karani anasoma majina ya waamini, na kila mmoja anaitikia ili ijulikane nani amekosa na nani wa kwenda kumwona. Maman Colombe hajawahi kukosa. Na sauti ya simu ilikuwa safi, na ilikuwa inasoma majina.

"Colombe Nabintu," Emmanuella akasema. "Je..."

"Niko!" Maman Colombe akaitikia, na fimbo yake ikagonga chini. "Na mufanye mbio, niliacha maharagwe ku moto."

Jogoo alisikika toka nje.

"Mama Clémence," Emmanuella akasema, "huyo ni nani?"

Papa Cyprien alikuwa anaandika hewani kwa kidole, jirani, jirani, sema ni jirani. Clémence alimwangalia, akamwangalia Maman Colombe aliyekuwa anangoja kwa heshima jina la pili lisomwe.

"Ni Maman Colombe. Ananijua toka niko mutoto. Bote uliosoma iko hapa, dada. Nimekudanganya. Unataka nikupatie Papa Cyprien?"

Papa Cyprien alichukua simu kwa mikono miwili. Alimweleza binti mavuno yote, nanasi, kuku, mama mzee wa mbele, bahasha, heshima. Alieleza vizuri. Emmanuella alisikiliza bila kumkata, na mahali pa nanasi walimsikia anacheka kidogo, akajizuia. Mwishoni alisema kwamba amemwelewa papa kabisa. Lakini mbele yake mu kompyuta kulikuwa na sehemu mbili tu: muuzaji anawafahamu, au hawafahamu. Ya tatu hakuna, na yeye hana uwezo wa kuiongeza. Alimtakia Clémence siku njema, na ilionekana anamtakia kweli. Kabla chai haijaiva, soko la Clémence mu Panda Bei lilikuwa limefungwa kabisa, nyota zake, picha zake na swali la Agnès, vyote.

Hakuna aliyemgombeza Maman Colombe. Waliona aibu kumweleza. Aliondoka kwenda kuangalia maharagwe yake, akisema sala ya leo ilikuwa fupi na nzuri.

Clémence alifungua bahasha ya shirika, ambayo alikuwa hajaigusa, akatoa humo nauli ya boti tu. Nyingine akamrudishia Papa Cyprien. Alisema anakwenda Minova. Nyumba za wageni za kando ya ziwa haziwezi kuwa nyingi, na akina Agnès wenye nyumba ya wageni watakuwa wachache zaidi. Papa Cyprien alisema wataenda pamoja, yeye ataeleza.

"Bakiya tu, papa," Clémence akasema. "Unaweza kunipandishia bei tena."

Hapo ndipo walicheka, Papa Cyprien wa kwanza, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Dimanche.

Alisafiri na kuvreli ndani ya kitenge, kitenge ndani ya plastiki, plastiki mapajani. Minova siku hiyo ilikuwa siku ya soko. Aliuliza kwa wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wakamwelekeza bila kufikiri: pale penye ukuta wa mawe, mama mfupi mwenye funguo nyingi.

Agnès alikuwa uani anasimamia shuka zinazofuliwa. Hakuonekana mkali wala mpole. Clémence alipojitaja, alimwangalia toka juu mpaka chini, kisha akanyoosha mkono kuomba kitu, si salamu. Alifungua kuvreli juu ya meza ya kulia chakula, akageuza upande wa nyuma kuangalia mafundo, akavuta jani la katikati kuona kama linakaza. Kisha, bila kuomba ruhusa, akachukua pembe moja, akaitumbukiza mu beseni, akaikamua na kuikamua. Wafuaji waliacha kazi kuangalia. Maji yalibaki maji.

"Bale balikuwa banapandisha beyi, ni banani?"

"Ni batu ya shirika yangu. Balizani iko mavuno ya kanisa. Sikujua, mpaka balikuya kwangu na jogoo."

Agnès aliikunjua pembe ile iliyolowa. Alisema aliona bei inaruka, akajua anachezewa, akatoka. Alisema pia kwamba jambo la jogoo mtu hawezi kulitunga. Kisha akavuta kiti.

"Kwa hiyo mununuzi nilikuwa mimi peke yangu."

"Ndiyo, maman."

"Basi beyi ya kweli ni ile nilianza nayo. Ya kuku mbili. Zingine zote balinipandisha bure."

Clémence aliona mtego, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuuza mu simu alijisikia nyumbani. Hapa palikuwa na uso. Palikuwa na macho ya kusoma, na mkono uliobaki juu ya kuvreli bila mwenyewe kujua. Alianza kukunja kazi yake, pole pole, pembe juu ya pembe.

"Ile ya kuku mbili niliwekea mashine," akasema. "Mashine haina kitanda. Mutu mwenye kuwa na kitanda namuambia beyi ya mutu."

Akataja mbuzi watatu. Agnès akacheka kama mtu aliyetukanwa vizuri, akaita bukari, ule ugali wa kwetu, na sambaza viletwe. Walikula, na bei ikaanza kushuka, kama bei inavyopaswa kushuka mbele ya chakula: Clémence akitoa kidogo, Agnès akiongeza kidogo, mmoja akitaja watoto wa shule, mwingine akitaja wageni wasiolipa, wote wawili wakijua ni maneno ya njia tu. Mara mbili Clémence alifika mlangoni na plastiki yake, mara mbili akaitwa. Walikutana mahali fulani kati ya mbuzi mmoja na wawili. Agnès alisema ni mbuzi mmoja mwenye mimba. Akatoa pesa, akatandika kuvreli mwenyewe kwenye chumba cha mbele, akarudi na kusema anataka ya pili kabla ya sikukuu ya Noeli. Ya tatu watasemezana baada ya kuona ya pili. Hakuahidi vitanda vyote. Clémence hakumuomba aahidi.

Alikuwa gatini anangoja boti wakati Jean-Claude alipompigia. Alimwambia kwamba vitalu ameshaanza na kwamba lori la rafiki yake linapanda Bukavu Samedi, siku ya Jumamosi, tupu. Liende Kasha lichukue kitanda na vyombo vyake?

Clémence alimuuliza kama mpunga wa mwaka jana bado uko mu ghala. Jean-Claude akasema uko, magunia machache.

"Basi lijaze mpunga, kaka," akamwambia. "Lisipande tupu. Kushuka halitabeba kitu yangu."

Jean-Claude akauliza mpunga huo utauzwa na nani. Clémence alikuwa ameshaanza kupanda ubao wa boti, watu wanamsukuma nyuma, akasema atauuza yeye Clémence mwenyewe kule Bukavu, ila kwa mkono, si mu simu.